Ukingo wa Sarafu ya Baba

Baba yangu alikuwa sonara Kaloleni kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo aliyeyusha karibu kila kitu alichopelekewa. Aliyeyusha pete za ndoa zilizovunjika, herini zilizobaki moja moja, hata meno ya dhahabu ambayo watoto wa marehemu walikuja nayo yamefungwa kwenye tishu, wakimkabidhi bila kumtazama usoni. Hakuwa mtu wa kuvionea vitu huruma. Ila sarafu hakuyeyusha.

Alikuwa nazo kumi na moja, ndogo ndogo, za dhahabu, za wafalme wa Ulaya wa miaka mia mbili na mia tatu iliyopita. Kubwa kuliko zote haikufika upana wa kifungo cha shati. Moja ilikuwa ya Ureno, mbili za Austria, moja ya Denmaki iliyokunjika kidogo, nyingine siwezi kuzitaja zote. Aliziweka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, zile ndogo ambazo maduka ya dawa yalikuwa yanatilia vidonge, na juu ya kila bahasha aliandika kwa penseli nchi na kitu kimoja alichokiona kwenye sarafu hiyo. “Austria, mama mnene.” “Ureno, msalaba.” Hakuwahi kuandika bei.

Watu huuliza sarafu kama hizo zilifikaje Arusha. Na mimi niliuliza. Zilikuja zikiwa mapambo. Familia za zamani, za Kihindi na za Kiarabu, na za watu waliofanya nao biashara, zilikuwa na vidani ambavyo katikati yake imening'inizwa sarafu ya dhahabu yenye kitanzi kilicholehemiwa kwenye ukingo. Bibi akifa, mjukuu analeta kidani kwa sonara kitengenezwe pete. Baba alikuwa anampa mteja dhahabu yake mwenyewe, uzito uleule, yeye anabaki na sarafu. Mteja anaona amepata, baba anaona amepata. Ilikuwa inatokea mara moja kwa miaka kadhaa, basi.

Kumi kati ya hizo zilikuwa bado na vitanzi vyake, na uchafu mweusi wa miaka kwenye mikunjo ya herufi. Ya kumi na moja haikuwa na kitanzi. Iling'aa. Hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote, kama ukucha wa kidole cha mwisho, ya mfalme wa Hispania mwenye nywele za bandia zilizofika mabegani. Ilikuwa ya kwanza kuipata na ndiyo aliyoipenda. Alipewa na tajiri wake, mzee wa Kihindi aliyemfundisha kazi tangu baba alipotoka kijijini kwao Kikwe akiwa kijana asiyejua hata kushika koleo. Mzee huyo alipofunga duka na kuhama nchi, alimwachia baba meza, mizani, jiwe la kupimia dhahabu, na ile sarafu. Alimwambia, “Hii ni ya kweli. Usiiyeyushe.” Baba alirudia maneno hayo mara nyingi sana, na kila mara aliyasema kwa lafudhi ya yule mzee, bila kutania.

Nilimaliza chuo Dar es Salaam, jiolojia, nikarudi nyumbani Elerai kusubiri kazi. Kazi haikuja. Nikawa nashinda karakana kwa baba, nikipiga picha pete na vidani niviweke mtandaoni, huku nikibishana na kila aliyeingia. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Upande mmoja meza ya baba, upande wa pili meza ya fundi saa, mzee waliyegawana naye kodi na redio tangu sijazaliwa, ninayemwita baba mdogo ingawa si ndugu. Wao wawili walinibatiza jina la Profesa.

Siku moja ya Julai, baridi kali, mlima wa Meru umefunikwa wote na mawingu, baba amevaa sweta mbili, nilimkuta amezipanga zile sarafu kwenye kitambaa.

“Baba, hivi unajua dhahabu hii ilichimbwa na nani?”

“Na watu.”

“Na watumwa, baba. Watu wamefia migodini ili huyu mwenye wigi achapwe sura.”

“Sasa nikimyeyusha watafufuka?”

Fundi saa akacheka na lenzi yake ikiwa bado jichoni. “Profesa, umejibiwa.”

“Hilo si jibu, baba mdogo. Nauliza mtu wa Kikwe anahusika vipi na wafalme wa Hispania. Hawakumjua. Hata ramani yao haikuwa na Kikwe.”

Baba alichukua ile ndogo kwa kibano, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. “Mimi naona hivi, mama,” alisema. Alikuwa ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. “Toka huko ilikotoka mpaka hapa imepita kwa masonara wangapi? Kila mmoja alikuwa na moto. Kila mmoja siku fulani alikuwa na njaa. Na hakuna aliyeiyeyusha.”

Nilimwambia huo ni upendeleo wa kuona zilizobaki na kusahau zilizoyeyushwa, na kwamba ukihesabu zote utakuta wengi waliyeyusha. Nilikuwa sahihi. Akasema, “Haya,” akazirudisha kwenye bahasha.

Sijui hasa ni lini niliacha kuuliza kuhusu wafalme nikaanza kuuliza kuhusu sarafu yenyewe. Nadhani ni kukosa la kufanya. Nilijiunga na kundi moja mtandaoni la wakusanyaji wa sarafu za kale, watu wa Ulaya na Amerika wanaojadili nukta moja kwa siku tatu. Niliwapenda. Hawakukubali kitu kirahisi. Nikajifunza kwao kwamba sarafu ya kweli inapigwa kwa muhuri wa chuma, na ya bandia mara nyingi ni madini yaliyoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu ya kutia umbo, kama pete, na kwamba ukingo ndio unaosema. Nikazipiga picha zote kumi na moja, pande zote na ukingo, nikazituma.

Zile kumi walizisifia, isipokuwa moja ya Austria waliyosema imechakaa. Kuhusu ya Hispania, mmoja wao, ambaye wengine wote walimheshimu, aliandika maneno machache. Ukingo ni laini mno, hauna alama zinazotakiwa kuwepo. Herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika. Rangi imewaka kupita kawaida. Kwa maoni yake ilikuwa bandia ya kumwagwa, pengine ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mapambo.

Niliisoma mara nne. Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu bila huo hakuna maana ya kuandika: nilifurahi. Sikufurahia hasara ya baba. Nilifurahi kwamba kile kitu ambacho nyumbani kwetu kilikubalika bila swali, kwa sababu tu mzee fulani alisema ni cha kweli, hatimaye kimeulizwa na kimeshindwa kujibu.

Nilikuwa nimeshaipima pia. Niliipima hewani na ndani ya maji, kama tulivyofundishwa maabara, na dhahabu yake ilikuwa safi. Lakini nilijua tayari kwamba hiyo haisaidii, maana bandia za zamani zilitengenezwa kwa dhahabu halisi.

Nilimwambia saa nne asubuhi, wakati wa chai. Nilimtafsiria jibu lote, sentensi kwa sentensi. Fundi saa aliacha kutafuna chapati.

“Wameishika?” baba aliuliza.

“Hapana. Wameona picha.”

“Picha.”

“Picha nzuri, baba. Nimepiga mwenyewe. Ukingo unaonekana wote.”

“Ukingo,” alisema. Akaupitisha ule ukingo kwenye ukucha wa dole gumba, polepole, akazunguka mpaka alipoanzia. Nilidhani anautafutia kasoro. “Na wewe unaonaje?”

Hilo ndilo swali. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko maombi yoyote. Angeweza kuuliza wao wana hakika gani. Aliniuliza mimi.

“Naona wanasema kweli,” nilijibu. “Asilimia tisini.”

“Tisini ni nyingi,” alisema.

Nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nilisema yule tajiri wake labda hakujua, au labda alijua, maana mtu anayehama nchi habebeshi wengine dhahabu ya maana. Nilisema kwa sauti ya darasani. Baba alinitazama, akafuta mikono kwa kitambaa, akarudi kwenye pete aliyokuwa anaipunguza.

Kesho yake nilipofika nilikuta ameandaa chungu kidogo cha kuyeyushia, amekinyunyizia boraksi, ule unga wa kusafishia dhahabu, na sarafu imo ndani. Alikuwa ananisubiri. Fundi saa hakuwepo, alikuwa ametoka kwenda kutafuta betri.

“Baba, si lazima.”

“Kitu cha uongo hakilali mezani kwangu. Unanijua.”

Ni kweli nilimjua. Kwa masonara wa aina yake hiyo ilikuwa sheria kuliko sheria. Akiletewa cheni ya bandia na mteja akamwachia kwa aibu, hakuiweka hata siku moja. Aliiyeyusha au aliikata vipande, ili isije ikatoka mlangoni kwake ikamdanganya mtu mwingine. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu mtoto. Kwa hiyo nilijiambia kwamba huyu ni fundi anafanya kazi ya ufundi, tena niliona fahari kidogo, kwamba baba yangu mzee anaweza kubadilisha mawazo akionyeshwa ushahidi. Ni wangapi wanaweza?

Akawasha tochi ya gesi. Mfalme hakuondoka ghafla. Kwanza uso ulipata jasho, kisha nywele zikaingiana, kisha sarafu nzima ikajikusanya kama mtu anayesikia baridi, na ikawa tone. Baba alisogeza moto, akangoja. Tone likapoa, na juu yake ukapita ule mwanga wa ghafla ambao masonara waliuita kufungua jicho, unaoonekana tu kama dhahabu ni safi.

“Dhahabu ni nzuri,” alisema. “Hilo alisema kweli.”

Hakuizungumzia tena. Hakuzitoa tena zile kumi kwenye bahasha, angalau si mbele yangu. Alipata mteja mwenye kidani cha sarafu mwezi uliofuata, na nilimsikia akimwambia kwamba siku hizi hanunui, ampelekee mwingine.

Miezi mitano baadaye alianguka karakana, akiwa amekaa. Kiharusi. Siku ya tatu hospitali akafa bila kusema neno. Sisemi kwamba sarafu ndiyo iliyomuua. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba jambo kutokea baada ya lingine si ushahidi, na alikuwa na presha tangu nipo sekondari, na chumvi alikuwa haachi. Najua hayo yote. Hayanisaidii kitu.

Tulimzika Kikwe, pembeni ya migomba ya babu. Kwaya ilikuja na matarumbeta, mchungaji alizungumza sana, na vumbi la barabara ya kutoka chini lilikuwa limewapaka watu wote rangi moja. Baada ya maziko wanaume walikaa chini ya turubai, sisi tukawa tunapeleka chakula. Kama kawaida, ilifika saa ambayo watu wanaanza kumsimulia marehemu mpaka wanacheka, na wafiwa hawakatazi, kwa sababu ni kama kumpa nafasi ya mwisho ya kukaa na watu.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya machalari, zile ndizi za nyama, nilipomsikia fundi saa.

“Huyu bwana alikuwa na ugonjwa wa kung'arisha,” alikuwa anawaambia. “Alipoanza kazi kwa yule Mhindi, hakuna kitu kilitoka mezani kwake bila kung'arishwa. Hata bawaba za mlango aling'arisha. Basi siku moja mzee kanunua sarafu ya dhahabu, ya mfalme, ina kitanzi, ina uchafu wake wa enzi na enzi. Kaiacha mezani, kaenda kuswali kwao. Bwana wetu akaona, ah, leo nitamfurahisha tajiri. Akakata kitanzi. Akapiga tupa ukingo wote mzunguko mzima, ili pale palipolehemiwa pasionekane. Akatia kwenye tindikali. Akapeleka kwenye mashine ya kung'arisha, akasugua mpaka mfalme akabaki hana pua.”

Watu wakaanza kucheka.

“Mzee karudi. Kashika kichwa. Anamwambia, wewe mtu wa Meru, umeninyolea mfalme. Sarafu ya watu wanaokusanya haiguswi, unajua hasara uliyonitia? Bwana wetu karibu alie. Mwisho mzee akacheka mwenyewe. Siku anaondoka akampa ileile. Kamwambia, chukua mfalme wako, ni wa kweli, ila kinyozi wake ni wewe.”

Turubai lote lilicheka. Mjomba wangu alifuta machozi. Niliweka sufuria chini, kwenye majani, na mwanamke mmoja wa kanisani akaniambia, dada, chakula kitaingia wadudu.

Ukingo laini usio na alama. Herufi kama sabuni. Rangi iliyowaka. Kila kilichosemwa na yule mtaalamu kilikuwa kimefanywa na tupa, tindikali na brashi ya kijana mmoja wa Kikwe aliyetaka kusifiwa. Na zile kumi nyingine zilikuwa na vitanzi vyake na uchafu wake kwa sababu alikuwa ameshajifunza. Nilizipiga picha zote mimi. Niliona kumi zina vitanzi na moja haina, na sikuuliza kwa nini. Mimi ninayeuliza kila kitu.

Nilimngoja fundi saa mpaka alipoinuka kwenda kunawa.

“Baba mdogo. Ile sarafu. Alijua?”

Hakujifanya hanielewi. Alinawa mikono kwanza, akaikung'uta.

“Kujua ukingo aliukata yeye? Kwani angesahau?”

“Sasa kwa nini hakusema?”

“Mimi nilimwambia jioni ileile, ulipoondoka. Nikamwambia, bwana, si wewe uliyeikata? Mwambie mtoto. Wale wazungu wanaona tupa yako, wanadhani ni kalibu.”

“Akasema nini?”

“Akasema, nilichokata ni ukingo, lakini zile herufi sijui. Labda zilikuwa hivyo toka mwanzo, miaka imepita. Akasema, binti yangu amesoma mambo ya madini miaka minne, mimi nimesoma mpaka la saba. Akisema tisini ni tisini.” Alinitazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko lawama. “Alikuwa anajisifia, mama. Usidhani alikuwa na kinyongo. Alikuwa anajisifia wewe.”

“Na wewe hukuniambia.”

“Ningekuambia saa ngapi? Nilirudi na betri nikakuta imeshakuwa tone.”

Nilikaa Kikwe siku zote za matanga. Niliosha vyombo, nilipokea pole, niliitikia shikamoo za watoto wa binamu zangu. Mama alidhani nalia kama watoto wote wanavyomlilia baba, na sikumsahihisha. Bado sijamwambia. Yeye anaamini kwamba ile sarafu baba aliiyeyusha kwa sababu ya madeni yaliyobaki ya masomo yangu, na mara moja ameniambia kwa upole nisiwaze ada yangu ya chuo, kwamba baba aliitoa kwa moyo.

Tuliporudi mjini nilifungua droo yake. Bahasha zote kumi na moja zilikuwepo. Kwenye ile ya kumi na moja alikuwa amefuta kwa kifutio “Hispania, nywele”, alama ya penseli bado inaonekana ukiielekeza kwenye mwanga, na juu yake ameandika “dhahabu tu”. Tone limo ndani. Sikulitoa. Mwandiko wake ulikuwa wa polepole, wa mtu anayetaka kuandika sawasawa.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa ya kweli. Watu wakisikia kisa hiki hudhani nimepata uthibitisho, lakini sina. Kitanzi kukatwa hakuithibitishi sarafu. Bandia nazo zilitiwa vitanzi. Tajiri wa baba angeweza kukosea, hata wataalamu wanakosea. Ninachojua ni kwamba zile sababu tatu hazikuwa sababu, na kwamba baada ya kuziondoa asilimia zangu tisini sijui zinabaki ngapi. Ningeweza kuipeleka kwa mtu aishike. Ningeweza kuitazama upya, nikijua wapi tupa ilipita, nikitafuta chini ya mikwaruzo yake kama pamebaki hata alama moja ya muhuri. Kazi ya asubuhi moja.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule mtaalamu. Nilimweleza habari ya kitanzi na tupa na mashine, kwa lugha ya kikazi. Alijibu haraka, na kwa adabu. Alisema maelezo hayo yanabadilisha sana mambo, kwamba vitu vilivyong'arishwa na masonara vimewahi kumchanganya hata yeye, na kwamba uwezekano wa kuwa ya kweli sasa anauona mkubwa. Aliniomba nimtumie picha nyingine, za karibu zaidi, na ikiwezekana nisiisafishe.

Nilianza kumjibu kwamba mmiliki aliiyeyusha kutokana na maoni ya kundi. Nikafuta. Nikaandika kwamba mmiliki alikuwa baba yangu, kwamba alishika kazi ya dhahabu zaidi ya miaka thelathini, na kwamba aliiyeyusha asubuhi moja mbele yangu kwa sababu aliniuliza ninaonaje nikamjibu. Nikaisoma mara moja, nikaituma.